Matokeo ya kidato cha sita yamezidi matarajio: namna ya kubadili chaguo la chuo bila kupoteza nafasi uliyo nayo

Julai moja, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikiwa imefikia kile kiwango cha kumfanya mtu avae koti hata akiwa jikoni, baba mmoja alikuja kwangu na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa matokeo ya binti yake ya mtihani wa utamilifu, yaani ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa: Fizikia D, Kemia D, Baiolojia E. Ya pili, iliyochapwa asubuhi ile steshenari, ilikuwa matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania: Fizikia C, Kemia B, Baiolojia C. Kwa kutegemea karatasi ya kwanza, familia ilikuwa imekwisha kupanga kila kitu. Binti alikuwa ameomba stashahada ya uuguzi kwa cheti chake cha kidato cha nne, amepata nafasi katika chuo cha binafsi, na sehemu ya ada ilikuwa imelipwa kwa fedha za viazi. Mwenyewe alikuwa kambini JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, hana simu.

"Mwalimu," akasema yule baba, "mtoto ametuzidi mahesabu. Sasa tunaanzia wapi kubomoa?"

Nilimjibu kwamba kwanza hatubomoi kitu. Nafasi ya uuguzi ilikuwa nafasi ya kweli, imelipiwa na ina jina la mtoto. Nafasi ya chuo kikuu ilikuwa bado ni tamaa yenye alama nzuri. Yote nitakayoeleza hapa yamejengwa juu ya jambo hilo moja: kilicho mkononi kiachwe baada ya kingine kuthibitishwa kwa maandishi, wala si siku ya vigelegele vya matokeo. Nimefundisha na kuwashauri vijana wa kidato cha sita kwa miaka mingi huku Nyanda za Juu Kusini, na waliopata hasara baada ya kufaulu vizuri karibu wote waliipata kwa haraka ya kuacha, mara chache sana kwa uzito wa kuomba.

Hesabu mbili zinazopingana

Kabla ya kubadili chochote, kaa chini na uhesabu upya, kwa sababu daraja lililoandikwa kwenye matokeo silo linalotumiwa na vyuo kukupokea. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kisha hujumlisha masomo matatu ya tahasusi, yaani yale makuu ya mchepuo wako. Jumla ikiwa ndogo ndipo ufaulu unapokuwa mkubwa. Kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na hapa jumla kubwa ndiyo bora. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimpigia simu mjomba wa mtoto kwa masikitiko kwamba pointi zimeporomoka kutoka kumi na tatu hadi nane, mpaka kijana mwenyewe alipomnyang'anya simu kwa adabu na kueleza.

Chukua mfano wa binti wa Uyole. Kwa mtihani wa utamilifu alikuwa na pointi 13 za Baraza, daraja la tatu, ambazo kwa hesabu ya TCU ni 5. Kwa matokeo halisi alikuwa na 8, daraja la kwanza, ambazo kwa TCU ni 10. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, kila moja likiwa na angalau E, na jumla ya pointi 4.0 kutoka masomo hayo mawili. Kwa hiyo hata matokeo ya utamilifu yasingemfungia mlango wa chuo kikuu kabisa; D mbili zinatosha kufikisha 4.0. Lakini shahada ya udaktari wa binadamu hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, jumla isiyopungua pointi 6, na hakuna somo kati ya hayo linaloruhusiwa kuwa chini ya D. Kwa E ya Baiolojia na jumla ya 5, alikuwa nje. Kwa C, B na C, alikuwa ndani ya uwanja, na uwanja wenyewe una wachezaji wengi.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Kinachoandikwa katika mwongozo wa udahili wa TCU ni sharti la kuruhusiwa kushindana, na nafasi hupewa wenye alama za juu zaidi miongoni mwa walioomba programu hiyo katika chuo hicho. Kwa hiyo tafuta mwongozo wa mwaka huohuo unaoomba, ule wa wenye sifa za kidato cha sita (wenye stashahada wana wao), na kwa kila programu unayoitamani andika mambo matatu: masomo yanayotakiwa, pointi za chini, na idadi ya nafasi. Programu yenye nafasi chache na jina kubwa inahitaji pointi nyingi kuliko zile zilizoandikwa. Usisahau pia masharti madogo yaliyo mwishoni mwa maelezo, kwa maana programu nyingine hutazama alama za Hisabati au Kiingereza za kidato cha nne, na mtu mwenye ufaulu mzuri wa kidato cha sita anaweza kukwama kwenye cheti alichokwisha kukisahau kabatini.

Jambo lingine ambalo furaha huwafanya watu walipite ni kwamba ufaulu mkubwa haubadilishi tahasusi. Kijana wa tahasusi ya EGM mwenye A ya Uchumi, A ya Jiografia na A ya Hisabati hawezi kuingia uhandisi wa ujenzi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kwa sababu uhandisi unaomba Fizikia na yeye hana. Alama hizo zinamfungulia mambo ya uchumi, takwimu, uhasibu na mipango, na huko anaweza kuchagua apendavyo. GS (Maarifa ya Jamii ya jumla, General Studies) na BAM (Hisabati ya msingi, Basic Applied Mathematics) nazo hazihesabiwi kama masomo ya tahasusi, hata kama umezipata kwa alama za kujivunia.

Umefika hatua gani?

Njia ya kubadili inategemea mahali ulipo katika safari ya maombi. Waliozoea Selform, fomu ya machaguo ya TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), ambayo mhitimu wa kidato cha nne huingia baada ya matokeo na kubadili tahasusi au chuo katika mfumo mmoja wa taifa, hudhani chuo kikuu nako kuna mlango mmoja kama huo. Haupo. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na TCU hukusanya majina kutoka vyuoni na kuyahakiki. Kaka na dada waliomaliza kabla ya hapo waliomba kupitia mfumo mmoja wa Tume, kwa hiyo ushauri wao upokelewe kwa heshima na kuhakikiwa.

Kama hujaomba chuo kikuu popote, wewe ndiye mwenye kazi nyepesi kuliko wote. Matokeo katika miaka ya karibuni yamekuwa yakitoka kati ya mwanzo na katikati ya Julai, na awamu ya kwanza ya maombi hufunguliwa muda mfupi baadaye. Hapa kubadili maana yake ni kuchana orodha uliyoiandika kwa woga na kuandika nyingine. Omba katika vyuo zaidi ya kimoja, na ndani ya kila chuo panga programu kwa mpangilio wa matamanio yako ya kweli, ukianza na ile unayoitaka zaidi kati ya zile unazostahili. Mahali pa mwisho weka programu ambayo una hakika ya kuipata na ambayo uko tayari kuisoma kwa miaka mitatu au minne. Nasisitiza hilo la kuwa tayari kwa sababu wengi hujaza nafasi ya mwisho ili tu isibaki wazi, kisha ndiyo inayowachagua.

Kama ulikwisha kuomba na dirisha bado liko wazi, ingia kwenye akaunti ileile, panga upya programu zako, hifadhi, kisha chapa ukurasa unaoonesha mpangilio mpya pamoja na tarehe. Usifungue akaunti ya pili katika chuo kilekile kwa namba nyingine ya mtihani au jina lililopinduliwa. Vyuo na TCU wanakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na mtu aliyerudia mtihani akawa na namba mbili achague moja na kuitumia kila mahali bila kuyumba.

Kama dirisha limefungwa na majina hayajatoka, subiri. Najua ni ushauri usiopendeza, lakini kupiga simu kila asubuhi katika ofisi ya udahili hakubadilishi mpangilio. Awamu ya pili hufunguliwa kwa ajili ya walioomba wakakosa na wale ambao hawakuomba kwa sababu mbalimbali. Kwa hiyo mtu ambaye hakuwa amethubutu kuomba programu kubwa katika vyuo fulani bado anaweza kuwa na mlango, ila azingatie kwamba programu zenye ushindani mkali nyingi huwa zimekwisha kujaa awamu ya kwanza. Aliyefaulu kupita matarajio hana sababu ya kungoja awamu ya pili kwa hiari.

Namba ya simu

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo binti wa Uyole alipokaribia kupoteza kila kitu.

Baba yake alikuwa na simu ya tochi, na intaneti ilikuwa steshenari. Kijana wa steshenari, kwa wema wake, alimfungulia mtoto akaunti katika vyuo vitatu, na mahali palipoomba namba ya simu na baruapepe aliweka zake, "ili kazi iende haraka". Awamu ya kwanza ilipotoka, binti alikuwa amechaguliwa katika vyuo viwili: udaktari wa binadamu katika kimoja, ualimu wa sayansi katika kingine. Aliyechaguliwa katika chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, na uthibitisho hufanywa kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi katika namba ya simu au baruapepe iliyotumika wakati wa kuomba. Ujumbe ulitumwa. Ulikwenda kwa kijana wa steshenari.

Tulipomfikia, alikuwa akitoa nakala za fomu za mtu mwingine. "Shikamoo, Mwalimu. Ile laini ilipotea wiki iliyopita," alisema bila kuinua macho, "na nywila za akaunti nilikuwa nimeziandika kwenye daftari la wateja, ila daftari limejaa, nimeanza jingine." Tulilitafuta daftari la zamani chini ya rundo la makaratasi ya rimu. Lilikuwa na majina zaidi ya hamsini, kila moja na nywila yake pembeni, na karibu zote zilikuwa ni jina la mtoto na tarakimu 123.

Kilichotuokoa ni kwamba mwombaji ambaye hakupata ujumbe anaweza kuingia katika akaunti yake ya chuo alichochaguliwa na kuomba atumiwe tena namba ya siri. Tuliingia, tukabadili kwanza namba ya simu, tukaomba upya, ujumbe ukaja katika simu ya mama. Siku zilizobaki za kuthibitisha zilikuwa mbili.

Basi, kama kijana yuko JKT Mafinga, Itende au kambi nyingine yoyote, na mzazi ndiye anayesimamia maombi, namba iwe ya mzazi au ndugu wa karibu ambaye simu yake haizimwi na laini yake imesajiliwa kwa jina lake. Baruapepe ifunguliwe mpya kwa jina la mwombaji, na nywila iandikwe kwenye karatasi inayokaa na vyeti nyumbani. Kwa mhudumu wa steshenari lipa huduma ya kompyuta na uchapaji, kaa pembeni yake wakati anaandika, na soma jina na namba ya mtihani herufi kwa herufi kabla hajabonyeza kutuma. TCU yenyewe imekuwa ikiwatahadharisha waombaji dhidi ya watu wanaojiita mawakala wa udahili kwa vyuo vya ndani, na kwa mtu aliyefaulu vizuri watu hao huja wengi zaidi, wakiwa na maneno kama "nafasi za pembeni" na "kumjua mtu wa ndani". Chuo cha ndani hakihitaji wakala.

Kuhamisha macho kutoka nyumbani

Mtu anapotarajia alama ndogo huchagua karibu. Alama zikiwa kubwa, huruka moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Sina ugomvi na Dar es Salaam, ila kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya ni nauli, ni chumba cha kupanga, na ni mzazi asiyeweza kufika kwa siku moja mtoto akiugua. Kabla ya kuvuka mlima Kitonga, tazama kilichopo huku. Uhandisi na teknolojia vipo Mbeya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha sayansi za afya hapahapa Mbeya, na huko Iringa kina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa shule ya sekondari ya Mkwawa. Sheria unaweza kuisoma Iringa, katika Chuo Kikuu cha Iringa au Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mzumbe wana kampasi Mbeya, na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji kipo jijini. Kwa aliyetarajia alama ndogo na kupanga kusoma karibu, mara nyingi kinachohitaji kubadilishwa ni programu, na mji unaweza kubaki uleule.

Kinyume chake pia hutokea. Kuna programu ambazo hazifundishwi kabisa upande huu, na kijana mwenye uwezo wa kuzisoma asizuiwe na nauli. Ninachoomba ni kwamba uamuzi ufanywe kwa kulinganisha programu na programu: muda wake, ada yake, na kazi inayofuata. Udaktari wa binadamu ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Baba anayefikiri miaka mitatu aelezwe mapema.

Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, huangukia wiki hizihizi za mwanzo wa Agosti, na vyuo kadhaa huweka mabanda humo. Badala ya kukusanya vipeperushi na kofia, nenda na matokeo yako yaliyochapwa na swali moja lililoandikwa: mwenye alama kama hizi, katika programu hii, mwaka jana alipata au alikosa? Afisa udahili aliyeketi bandani bila foleni hujibu kwa ukweli zaidi kuliko yule wa simu.

Mkopo na ufadhili

Maombi ya mkopo hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na hayafungwi kwenye chuo kimoja siku unapoomba. Bodi hutumia taarifa za udahili kujua umepokelewa wapi. Hivyo kubadili chaguo kabla ya kuthibitisha hakukulazimu kuomba mkopo upya. Kinachovunja uhusiano ni namba ya mtihani wa kidato cha nne au majina yasiyofanana kati ya maombi ya mkopo na maombi ya chuo. Vipitie vyote viwili sambamba, pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Aliyetarajia kushindwa mara nyingi hakuomba mkopo kabisa, akidhani hatauhitaji. Huyo aanze leo, kwa kuwa kupata sahihi ya mtendaji wa kijiji na ya wakili au hakimu ni safari za siku kadhaa, hasa mtendaji akiwa naye yuko shambani.

Kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi, kuna Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaojiunga na programu za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Anayejikuta katika orodha ya wanaostahili, huku akiwa ameomba biashara kwa sababu aliogopa Hisabati, ana sababu nzito ya kurudi kwenye akaunti na kupanga upya kabla dirisha halijafungwa.

Uhamisho baada ya mkopo kupangwa una kazi yake. Mwanafunzi anayebadili chuo baada ya kupangiwa mkopo lazima afuate utaratibu wa kuuhamisha, na mtu wa kumwona ni afisa mikopo wa chuo anachotoka na wa chuo anachokwenda. Fedha ya chakula na malazi inaweza kuchelewa katika kipindi hicho, kwa hiyo kijana asihame akiwa na nauli tu mfukoni.

Umechaguliwa, umethibitisha, au umekwisha kusajiliwa

Ukichaguliwa vyuo viwili, usithibitishe siku ya kwanza kwa sababu tu wenzako wamethibitisha. Muda uliowekwa utumie: soma barua ya kujiunga, jumlisha ada na michango, ongea na wazazi, kisha thibitisha kimoja siku kadhaa kabla ya mwisho, si usiku wa mwisho, kwa kuwa usiku huo mifumo huelemewa na huku kwetu umeme hukatika bila kuaga. Kama umethibitisha chuo kisicho sahihi, wasiliana mara moja na ofisi ya udahili ya chuo hicho uombe kutengua uthibitisho kupitia akaunti yako, dirisha likiwa bado wazi. Kila siku inayopita nafasi ya kule ulikotaka hupewa mwingine.

Kama umekwisha kusajiliwa na kuanza masomo, kinachobaki ni uhamisho: wa ndani, kutoka programu moja hadi nyingine ya chuo hichohicho, au wa kutoka chuo hadi chuo. Huu hufanywa katika kipindi kinachotangazwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na masharti yake ni makali kwa namna iliyo ya haki. Lazima uwe na sifa za kuingia programu unayoitaka, programu hiyo iwe bado na nafasi, na vyuo vyote vihusike kabla TCU haijaridhia. Aliyefaulu kupita matarajio lakini akajikuta katika chaguo la woga ana hoja nzuri, kwa kuwa alama zake zinamruhusu. Anachokosa mara nyingi ni nafasi. Aombe mapema, na aendelee kuhudhuria vipindi vya programu aliyomo, kwa maana ombi likikataliwa ataulizwa majaribio ya wiki zile yalikwenda wapi.

Kukiacha cha zamani

Binti alithibitisha udaktari. Jioni ileile baba yake alitaka kwenda kuchukua fedha za uuguzi. Nilimwomba asubiri barua ya kujiunga ya chuo kikuu itoke kwenye akaunti, ichapwe, na jina, programu na namba ya mtihani visomwe na watu wawili. Vilikuwa sawa. Ndipo tukaandika barua ya kujiondoa kwenda kwa mkuu wa chuo cha stashahada: jina kamili, namba ya maombi, programu, sababu ya kujiondoa kwa sentensi moja, ombi la kurejeshewa fedha kwa kurejelea kifungu cha marejesho kilichomo katika fomu ya kujiunga, namba za stakabadhi za benki, na namba ya simu ya mama.

Tuliipeleka kwa mkono. Karani aliisoma, akasema ada ya maombi hairudi, na sehemu ya ada ya masomo itajadiliwa. Tukamwomba agonge mhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yetu. Alisita kidogo, kisha akagonga. Iliyorudi, baada ya miezi miwili na safari tatu, ilikuwa chini ya nusu. Bila nakala ile yenye mhuri sidhani kama ingerudi hata hiyo, kwa sababu safari ya pili walidai kwamba barua haikufika, na mzee aliitoa kwenye mfuko wa koti, akaikunjua mezani, akaweka kidole juu ya tarehe.